Mkoba wa Mtu Mmoja

Ukipita mbele ya kibanda chake na begi lililochanika, usitegemee salamu kwanza. Jicho la Mama Zipu litatua kwenye begi, litapanda hadi begani, na likifika usoni mwako atakuwa ameshajua kwamba unabeba vitu vingi kuliko unavyohitaji na kwamba unavuta zipu kwa hasira. "Zipu haivutwi," atakuambia. "Zipu inaongozwa." Baada ya hapo ndipo atakuuliza habari za nyumbani.

Kibanda chenyewe kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya kinyozi na muuza ndoo za plastiki. Mabegi yaliyopona yalining'inia juu, wagonjwa walilala chini, na katikati palikuwa na cherehani na stuli iliyofunikwa kwa kipande cha zulia. Vichwa vya zipu vya kila ukubwa alivihifadhi kwenye makopo ya maziwa. Alikuwa akiingiza mkono ndani ya kopo huku anaongea na mteja, na kilichotoka ndicho kilichotakiwa.

Tangu Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa wa watu. Jumapili alikuwa wa kwake. Asubuhi alivaa viatu vyake vya raba, akachukua chupa ya maji, akafunga kitambaa kichwani na kushika njia ya vilima vilivyo nyuma ya mji. Hakwenda kupunguza unene, maana hakuwa nao, wala hakuwa na nadhiri yoyote. Alipenda tu kusikia miguu yake mwenyewe, na kukaa nusu siku bila mtu kumwambia "Mama, hii nayo inatengenezeka?" Alifanya hivyo tangu watoto wake walipoanza kujipikia, na hakuna aliyemuuliza neno.

Hakuna aliyemuuliza kwa sababu mwenye haki ya kuuliza hakuwepo. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuaga leo na kurudi baada ya wiki kadhaa, akiwa na vumbi nyusini na hadithi za mizani na madaraja. Wenzake walimbatiza Honi, na si kwa sababu ya lori. Mwaka huu macho yake yalianza kukataa taa za usiku, kampuni ikamshukuru, naye akarudi nyumbani moja kwa moja, na begi dogo na sauti kubwa. Nyumba iliyozoea mlio wa sufuria tu sasa ilikuwa na redio mbili, moja ya betri na nyingine ya ndoa.

Mama Zipu alimpenda mumewe, hilo lisitiliwe shaka. Ila kumpenda mtu anayekuja na kumpenda mtu aliyepo ni kazi mbili tofauti, na ya pili hakuwahi kufundishwa.

Mambo yaliharibika Jumapili moja ya ukungu. Mama Zipu alipotea kidogo huko juu, akajikwaa, akateremka akichechemea, na alipofika nyumbani giza lilikuwa limeshaingia. Alimkuta Honi amesimama nje ya lango na tochi mkononi. Hakusema lolote mpaka walipokuwa mezani.

"Kuanzia Jumapili ijayo twende wote," alisema.

"Wote wapi?"

"Huko huko unakokwenda."

"Wewe ambaye hata chumvi unataka kuifuata kwa gari?"

"Basi usiende."

Mama Zipu aliweka kijiko chini. "Mzee wangu, uliniacha na watoto wadogo, na bomba lililopasuka, na mwenye nyumba mlangoni, na hata siku moja sikukwambia usiende."

"Mimi nilikuwa kazini."

"Na mimi Jumapili niko kazini. Kazi yangu ni kutokuwa na kazi."

Honi alicheka bila kutaka, halafu akarudi kwenye uzito wake. "Sikiliza. Lori haliruhusiwi kutoka bila jeki, tairi la spea na kizimamoto. Wewe unatoka na chupa ya maji na kilemba. Ukiharibikiwa njiani?"

Hapo alimpata. Hakuna kitu kinachoudhi kama mume mwenye hoja, na Mama Zipu alitafuna chakula chake polepole akiitafutia hoja ile upenyo asiupate. Mwishowe wakaelewana hivi: atashona mkoba mdogo wa dharura, wa kufunga kiunoni, wenye kila kitu cha kumwokoa mtu aliyekwama milimani mchana kutwa na ikibidi usiku mmoja. Honi atapanda naye mara moja tu, kama mkaguzi. Mkoba ukifaulu, Jumapili zitabaki za mwenyewe. Ukifeli, watapanda wote wawili kila Jumapili mpaka mmoja wao azikwe.

Tangu siku hiyo Honi alikuwa akileta michango. Kwanza alikuja kibandani na kamba ya kufungia mizigo, nene kama mkono wa mtoto.

"Hiyo ya kuvutia nini?" mkewe aliuliza.

"Ukitumbukia bondeni."

"Nikitumbukia bondeni na kamba hiyo kiunoni, itakuwa ndiyo iliyonitumbukiza."

Akaleta pembetatu ya kuakisi mwanga, ile wanayoweka nyuma ya gari bovu. Akaleta spana. Kinyozi wa jirani alikuwa anaacha kichwa cha mteja nusu, anakuja kusimama mlangoni kuona leo mzee kaleta nini. "Bado injini tu," alisema.

"Cheka," Honi alimjibu. "Lori langu la mwisho lilikuwa limeandikwa nyuma: Ajali Haina Kinga."

"Sasa kama haina kinga," Mama Zipu akadakia, uzi ukiwa mdomoni, "mkoba wa nini?"

Honi aliokota spana yake. Siku hiyo aliondoka bila kuaga.

Lakini kwa siri Mama Zipu alikuwa ananogewa. Alikata mkoba kwa mabaki ya turubai la kijani, akauwekea bitana ya sanduku la safari lililokufa mikononi mwake, na ukubwa wake haukuzidi viganja viwili vilivyowekwa pamoja. Sheria yake ilikuwa moja: kitu kisichojua kazi mbili hakiingii. Mfuko mkubwa wa plastiki uliingia, kwa kuwa ni koti la mvua na ni paa. Liliingia shuka la karatasi ing'aayo, jembamba kama ganda la kitunguu, la kuhifadhi joto la mwili, na hilo hilo likitandazwa juani huonekana mbali. Njiti za kiberiti alizichovya kwenye nta ya mshumaa, akazitia kwenye kichupa cha dawa, na kichupa akakizungushia uzi imara na sindano. Tochi ndogo aliigeuza betri moja, isije ikajiwasha yenyewe ndani ya mkoba na kufa bure. Kulikuwa na bandeji pana, plasta, vidonge vya kusafishia maji, pakiti ya glukosi, filimbi, na kisu kidogo cha kukunja ambacho kinyozi alikinoa kwa mkono wake na kukataa malipo.

Kila kitu kilikuwa na kitanda chake. Alishona vijifuko ndani kwa kupima kitu chenyewe, hata ungeutikisa mkoba sikioni usingesikia chochote. Kisha akafika kwenye zipu, na hapo ndipo fundi alipoamka kweli kweli. Maisha yake yote alikuwa anazika zipu za watu, na alijua zinakufaje: mchanga, mvua, na kile kishikio kinachoning'inia na kunasa kwenye kila kitu. Basi alikiondoa kishikio. Mahali pake akaweka kitanzi chembamba cha uzi wa rangi ile ile ya turubai, akakificha chini ya mkunjo, na mkunjo akaubana kwa kifungo cha ndani. Kuufungua ilikuwa lazima uubonye mshono kwa kidole gumba cha kushoto, ukunje, halafu uongoze kitanzi kwa ncha ya ukucha wa kulia. Yeye alikuwa anaufungua akiwa amefumba macho. Mtu mwingine angeuzungusha mara kadhaa akitafuta mlango.

"Zipu inafungukia wapi?" kinyozi aliuliza, akiugeuzageuza.

"Zipu inayoonekana ndiyo inayoharibika," alimjibu kwa kiburi. Na kwa kweli alikuwa hajawahi kushona kitu kizuri kama kile.

Jumapili ya ukaguzi ilikuwa tulivu, jua la wastani. Honi alivaa viatu vya kazi na kofia ya kampuni. Aliongea tangu langoni. Aliongea kuhusu lami, kuhusu mwenzake aliyelala kwenye usukani, kuhusu bei ya matairi zamani. Mama Zipu alitembea mbele akikaza meno na kujiambia kuwa ni leo tu. Bahati njema kilima kilikuwa na mwinuko, na pumzi ya mtu haiwezi kupanda na kuhadithia kwa wakati mmoja, kwa hiyo walipofika nusu njia kulikuwa na kimya kizuri sana. Alianza kusikia miguu yake. Kisha akasikia na ile mingine nyuma yake, mizito, isiyo na haraka, na akashangaa kwamba haikumkera.

Kwenye kijito cha juu kuna mawe ya kuvukia. Alikuwa ameyavuka mamia ya mara, na pengine ndiyo sababu hakuangalia. Jiwe la katikati lilikuwa na utelezi. Mguu ulikwenda upande wake, yeye upande wake, naye akajikinga kwa mkono wa kulia. Alipoinuka majini kiganja kilikuwa kimepasuka kwa jiwe, damu inatiririka hadi kwenye kiwiko, na kifundo cha mkono kilikuwa kinakataa kukunjika.

Honi alimfikia akiwa amelowa hadi magotini. Alimkalisha ukingoni, akauinua ule mkono juu. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini sauti ilikuwa ya dereva aliyekwishaona mabaya zaidi barabarani. "Si mbaya," alisema. "Tunafunga. Bandeji iko kwenye mkoba, si ndiyo? Haya, zipu iko wapi?"

"Chini ya mkunjo."

"Mkunjo upi?"

"Huo. Hapana, huo ni mshono wa pembeni. Bonya kwa dole gumba."

Alibonya. Vidole vyake vilikuwa vimezoea usukani, kimoja tu kilifunika nusu ya mkoba. Aliuzungusha, akaubonya kwingine, akaupeleka mdomoni.

"Usiung'ate!" Mama Zipu alipiga kelele. "Utaachanisha mshono!"

Honi alimtazama. "Mwanamke, unavuja damu na unaulilia mshono?"

Mama Zipu aliona aibu, lakini hakusema aung'ate. Wakajaribu pamoja: yeye akabonya kwa dole gumba la kushoto, mumewe akatafuta kitanzi kwa kucha. Alikipata. Alikivuta kama mtu anayeondoa lori kwenye matope, na uzi ukakatika, ukabaki kwenye kidole chake, mfupi, wa kijani.

"Kisu," alisema Honi. "Tuukate. Kisu kiko wapi?"

Mama Zipu aliutazama mkoba. "Ndani."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka ni yeye, halafu mumewe, na walicheka mpaka mkono ukamuuma na ikabidi waache. Honi alivua shati, akachana mkono mmoja wa shati kwa meno yake bila kuzuiwa na mtu, akafunga kiganja kwa nguvu na mpangilio, kama alivyokuwa akifunga turubai juu ya mzigo. Damu ikapungua, ikakoma.

Walikaa. Mama Zipu alisubiri asikie neno "umefeli," maana lilikuwa halali yake. Lakini Honi aliuweka mkoba juu ya goti na kuutazama.

"Umeshona kitu kizuri," alisema. "Ila umekishona kama vile hakuna mtu mwingine duniani."

"Ni mkoba wangu. Nilijua nitakuwa peke yangu."

"Ndiyo ninachosema." Aliokota jani, akalichanachana. "Ile siku ya ukungu nilifika pale njia zinapogawanyika. Nikamulika huku, nikamulika huku. Sikujua hata pa kuanzia kukutafuta. Nikarudi langoni nikasimama kama mwizi. Mimi sijui kungoja, mke wangu, hakuna aliyenifundisha. Wewe ulikuwa unaningojaje miaka yote ile?"

Angeweza kumdanganya, na wake wengi wangefanya hivyo kwa huruma. Alitazama maji.

"Sikukungoja," alisema. "Mwanzoni nilikuwa nangoja, nikawa silali. Ndipo nikajifunza. Ukitoka tu, najiambia huyu harudi tena, nipange maisha yangu. Ukirudi, nafurahi. Usiporudi, nimeshajipanga. Ndivyo nilivyoweza."

Honi alimsaidia kusimama. Walipoteremka njia ilikuwa rahisi na pumzi ilikuwa tele, lakini hakutoa hadithi hata moja. Mama Zipu alitembea katika kile kimya alichokipigania wiki nzima na akaona kimempwaya.

Zahanati walimshona kiganja na kumwambia asishike sindano kwa muda. Alishika. Alifumua mkoba kwa mkono wa kushoto, na kinyozi akaja mlangoni kama kawaida yake. "Wanasema kinyozi hajinyoi," alisema, "kumbe na fundi zipu hajifungulii." Mama Zipu alimtupia kopo tupu. Aliutoa ule mkunjo wote, akaweka zipu nene ya begi la shule, juu kabisa, mahali pa kuonekana, na kwenye kichwa chake akatia pete ya chuma ambayo hata mwenye glavu angeingiza kidole. Kisu alikihamishia mfuko wa nje. Mishono ilipinda, kwa vile mkono wa kushoto haukusomea kazi hiyo. Ulikuwa mkoba mbaya kuliko wote aliowahi kutoa kibandani.

Jumamosi jioni aliuweka mbele ya mumewe. "Fungua."

Honi aliingiza kidole kwenye pete, zipu ikafunguka. Akaifunga, akaifungua tena.

"Umefaulu," alisema.

"Haukufaulu. Ulifeli kule kule, na makubaliano ni makubaliano. Kesho uje."

"Siji." Aliusogeza mkoba upande wake wa meza, polepole. "Nimefikiri wiki nzima. Nikija kwa sababu ya makubaliano utakuwa unanivumilia tu, kila Jumapili, mpaka tuzeeke. Nenda peke yako. Mimi nitabaki. Kama ulivyojifunza wewe, na mimi nitajifunza."

Alichokitaka Mama Zipu alikuwa amekipata, tena bila kukipigania, na alipaswa kulala usingizi mzuri. Alilala akigeukageuka. Alijua hasa ni nini mumewe alikuwa anakwenda kujifunza, maana yeye ndiye aliyemfundisha pale kijitoni, na wazo la Honi ameketi sebuleni akijiambia huyu harudi tena lilimuuma kuliko kiganja.

Asubuhi alivaa viatu. Honi alimfungia mkanda wa mkoba kiunoni, kwa kuwa mkono ulikuwa bado mzito, akamwambia, "Haya, safari njema," kwa sauti ndogo isiyo yake. Mama Zipu alifika mlangoni, akashika komeo, akasimama. Kisha akarudi na kuketi mezani na viatu vyake.

"Umesahau nini?" Honi aliuliza.

"Njoo ukae hapa. Nakwenda kwa njia ya tangi la maji, siyo ile nyingine. Unasikia? Nikifika kwenye msitu wa misonobari nashika kulia."

"Kulia," alisema Honi, akivuta kiti.

"Napita machimbo ya zamani ya kokoto, nafika kijito cha juu, kile chetu. Leo sivuki. Nakaa pale, nakula, narudi kwa njia ile ile."

Honi alirudia yote tangu mwanzo, kituo kwa kituo, kama alivyokuwa akirudia safari mbele ya bosi wake kabla ya kuwasha gari. Tangi, misonobari, kulia, machimbo, kijito. Hakukosea hata kimoja.

"Saa kumi niwe nimeshafika hapa," alisema Mama Zipu.

"Na usipofika?"

Jibu lake lilikuwa sentensi ndogo, ambayo katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Alijikuta inamtoa machozi, akayaacha yatoke.

"Nisipofika, uje," alisema. "Usijipange. Uje unitafute."